Embe la Juu ya Sanduku

Kisian, Alhamisi asubuhi

Wandera ndugu yangu,

Nimekaa mezani tangu chai ya asubuhi, karatasi iko mbele yangu, na mstari huu ni wa nne kuuandika. Mitatu ya kwanza nimeifuta. Unajua si kawaida yangu kukosa maneno. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia akina mama, "Mwalimu ukimwomba maji ya kunywa, atakueleza kwanza mvua inatoka wapi, na utakufa na kiu ukiwa umeelimika."

Siku ya kukuzika kule Port Victoria nilisimama nyuma kabisa, karibu na waliokuwa wakigawa chai. Mara mbili mzee aliyeongoza mazishi aliita: rafiki wa marehemu kutoka Kisian, aje aseme neno. Mara mbili nilijifanya sisikii. Watu walidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, Nyasaye anajua, na kwa jina hilo watu wako na watu wangu tunamwita Mungu mmoja. Lakini kilichonifunga mdomo kilikuwa kingine. Ningesema nini mbele ya jeneza lako? Miaka kadhaa kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya akina mama wa Kisian nikasema kwamba ulilala kazini.

Mvua za masika zimekuja mara mbili tangu tukufunike. Leo nakuandikia kwa sababu nimeujua ukweli wa lile jambo, na ukweli huu ni wako kabla haujawa wa mtu mwingine yeyote.

Nianze na habari ndogo ndogo, maana hata ukija nyumbani kwa mtu na neno zito, huliweki mezani kabla ya salamu.

Tangi letu bado lipo katika lile banda la zamani la pamba. Kutu imelila upande mmoja, na kwa miaka mingi mbuzi wa jirani walikuwa wakinywea humo maji ya mvua. Kasia lako liko ukutani, pale pale ulipolitundika mwenyewe. Hakuna aliyeligusa. Si kwa heshima, nisikudanganye. Ni kwamba hakuna aliyejua la kufanya na kasia ndani ya banda. Ile saa yenye kengele mbili nilikwenda nayo nyumbani. Inakimbia dakika tano kila siku, na sikuipeleka kwa fundi kwa sababu ilikuwa ikikimbia vile vile enzi zako, nawe ulikuwa ukiirudisha kila asubuhi huku ukiitukana. Meli hazivuki tena kwenda Bukoba na Mwanza kama zamani. Jumuiya imevunjika na kila nchi imebaki na vyombo vyake. Ungeiona bandari ya Kisumu siku hizi ungeketi chini.

Pale bandarini ndipo nilipokukuta. Nakumbuka kofia yako kabla ya kukumbuka uso wako. Meli zilikuwa zimeanza kuacha kuni na makaa, zinakwenda kwa dizeli, na ninyi mliokuwa mkilisha matanuru mlikuwa mmepewa barua za kwaheri. Ulikuwa umeketi juu ya kreti karibu na lango, unatazama moshi wa chombo kimoja ukitoka kama mtu anayemtazama mtoto wa mwenzake akilishwa vibaya.

Mimi nilikuwa nikimtafuta mtu wa moto. Ziwa lilikuwa limepanda mara tu baada ya Uhuru na kumeza bustani zote za chini, kuanzia Kisian mpaka mbele huko. Akina mama waliokuwa wakilima mboga walibaki na miembe ya juu ya mlima tu. Na maembe yale, mazuri kwa macho, yalikuwa yakifika sokoni Kisumu yakiwa na wenyeji ndani. Nilikuwa nimeacha kufundisha shule na kuwa bwana shamba, nikawa naulizwa swali moja kila njia panda: Mwalimu, hawa wadudu wanaingiaje humu, na ganda halina tundu?

Nilikueleza siku ile, na najua ulichoka, lakini niache nieleze tena. Mkono wangu unapata nguvu ninapoeleza. Nzi wa matunda ni mdogo kuliko nzi wa nyumbani, ana mabawa yenye madoadoa. Jike lake lina mkia kama sindano. Analitoboa embe likiwa bado gumu mtini, anaweka mayai chini ya ganda, na kidonda kile kinaziba. Embe linaendelea kupendeza. Ndani, mayai yanakuwa mabuu, meupe kama punje za wali, na mabuu yanakula kuelekea kwenye kokwa. Ukinyunyiza dawa juu, unamwagia dawa nyumba iliyofungwa milango. Lakini joto halibishi hodi. Ukiliweka embe katika maji ya moto, joto linaingia polepole mpaka kwenye kokwa, na buu analainika na kufa kabla embe halijaiva kama kiazi. Njia ni nyembamba. Chini kidogo, buu anaishi. Juu kidogo, embe linakufa.

Nikakuuliza: unaweza kuyashika maji katika nyuzi mia moja na kumi na tano za Fahrenheit kwa saa moja na robo, yasipande wala yasishuke? Ukavua kofia, ukaipangusa, ukaniuliza, "Bwana, unataka kuyapika haya maembe au kuyaogesha?"

Nikasema kuyaogesha.

"Basi sema hivyo. Kupika ni kazi ya wanawake. Kuogesha, hata mimi nimewaogesha watoto."

Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena neno lolote la kitabuni. Maembe yalioga. Kulikuwa na maembe yaliyooga na ambayo hayajaoga, na akina mama waliulizana, "Hayo yako yameoga?" kama wanaojiandaa kwenda kanisani.

Unakumbuka bafu la kwanza? Wewe ulitaka kuni chache, mimi nikataka nyingi, na kwa kuwa kitabu kilikuwa mkononi mwangu, nilishinda. Maembe yalitoka na rangi ya viazi vilivyochemshwa, ganda linabanduka mkononi. Dorsila, yule Nyar Asembo, binti wa Asembo, mwenye sauti ya kuita mtu upande wa pili wa ghuba, alichovya kidole, akakilamba, akasema, akiniita mwalimu kwa Kiluo, "Japuonj ametupikia uji. Leteni vikombe." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wewe hukucheka. Uliniambia pembeni, taratibu, "Mwalimu, moto ni kama ng'ombe wa kukamua. Ukimkazia, anazuia maziwa."

Kuanzia hapo nilikuachia moto, nami nikabaki na kipimajoto na saa. Wewe kipimajoto ulikiita "daktari wako wa kioo." Ulikuwa ukitia kiwiko ndani ya maji, unasema namba, kisha unanitazama nikisoma kioo, na katika msimu mzima sikumbuki ukikosea kwa zaidi ya uzi mmoja. Ulileta kasia kutoka nyumbani kwenu ukayakoroga maji, ukizunguka tangi, kwa sababu ulijua jambo ambalo mimi nililijua kitabuni tu: maji yasipokorogwa, ya moto hukaa juu na ya baridi hukaa chini. Mimi nilichonga ubao wenye matundu matatu, la embe dogo, la kati na la kubwa, maana embe kubwa linahitaji muda zaidi joto lifike ndani. Kila bafu tuliyachukua maembe machache tukayaweka juu ya mchanga katika beseni, na pembeni beseni la pili la ambayo hayajaoga. Baada ya siku chache, beseni la pili lilikuwa na mabuu yanayoruka. Yanajikunja, yanajirusha kama springi ya saa. Beseni lako lilikuwa na mchanga mtupu. Ulikuwa ukiliinamia kila asubuhi na kuuambia mchanga, "Hamjambo? Hakuna mtu?"

Na ulikuwa na tabia moja. Nataka kuiandika hapa kwa herufi zilizonyooka. Ulipotaka kujua moto unakwendaje, uliketi mbele ya mlango wa tanuru, ukaweka mikono juu ya magoti, kichwa juu ya mikono, ukafumba macho. Ulikuwa unasikiliza. Uliniambia kwamba kule chini ya meli hakuna anayeuona moto wote, unausikia. Kuni mbichi inalia namna yake, makaa yanayokufa yana ukimya wake. Nilikuona hivyo siku nyingi. Nilijua maana yake.

Sasa nifike kwenye lile sanduku.

Mnunuzi kutoka Nairobi alikuja na shati jeupe na swali moja. Alitaka kuyapeleka maembe yetu ng'ambo kwa ndege. Akasema huko yanakokwenda wakaguzi watayakata, na wakikuta buu mmoja hai, mmoja tu, mzigo wote unachomwa na hatarudi kwetu tena. Akina mama walilala chini ya tumaini lile kama watu waliopata paa. Dorsila alikuwa ameshawaambia watoto wake watarudi shule wote, si kwa zamu.

Siku ya kupakia, wewe ulikuwa umeanza moto kabla jua halijachomoza. Kufikia saa sita mchana bafu la mwisho lilikuwa limetoka, maembe yamepoa, yamekauka. Akina mama wakaanza kupanga masandukuni. Nami nilipopita katikati yao kuelekea kwenye lori, nilisimama nikasema maneno ambayo baadaye niliyasahau kabisa, kama mtu anavyosahau alivyomjibu mpita njia. Nilisema, "Akina mama, kila sanduku liwe na nyongeza. Watu wa Nairobi wasituone wabahili."

Kisha nikaenda kubishana na dereva kuhusu turubai.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Mzigo umechomwa. Mabuu hai yamekutwa katika maembe ya juu.

Ya juu. Neno hilo ndilo nililolishika. Tuliitana bandani, akina mama wote, wewe na mimi, na nikaleta ubao wa shule na chaki. Nikachora tangi. Nikaeleza kwamba maembe ya juu ya sanduku ni yale yaliyokuwa juu ya tangi, maana tulikuwa tukiyatoa kwa mpangilio. Nikaeleza kwamba upepo wa ziwa ulipoza uso wa maji, na kwamba jambo hilo lingewezekana tu kama moto ulipungua bila mtu kuuona. Nikachora mshale. Nilieleza vizuri, Wandera. Sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile.

Ukainua mkono kama mwanafunzi. Wewe, mtu mzima, mwenye mvi. "Mwalimu," ukasema, "mimi sikusoma. Lakini tangu lini maji ya juu yakawa baridi kuliko ya chini?"

Na mimi nikakujibu, mbele yao wote, "Wewe ni mtu wa kuni. Mambo ya vipimo niachie mimi."

Mtu mmoja nyuma akauliza kama moto ulikuwa na mtu au haukuwa na mtu. Wakanigeukia. Nikasema nilikuona. Umeketi mbele ya tanuru, kichwa juu ya magoti, macho yamefumbwa.

Sikusema uongo, unaona? Kila neno lilikuwa kweli. Nilikuona hivyo. Ila nilijua ulikuwa unafanya nini, na sikulisema. Nilihitaji mshale wangu uishie mahali.

Hukupiga kelele. Uliondoka ulipokuwa umesimama, ukalitundika kasia ukutani, ukavaa kofia. Ukaniambia, "Sawa, Mwalimu. Umeeleza."

Ni hayo tu. Umeeleza. Nimelisikia neno hilo kila mara nikishika chaki tangu siku ile.

Ulirudi Port Victoria, nikasikia unakausha samaki kwa moshi, na kwamba samaki wako walitafutwa kuliko wa mtu mwingine yeyote ufukweni. Nilisema moyoni: aa, kumbe bado anaujua moto. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nipande gari nije. Sikuja. Halafu nikasikia kifua kinakusumbua. Nikasema nitakuja mavuno yakiisha. Mavuno yakaisha.

Huku Kisian, nawe lazima ulilijua, jina lako liligeuka methali. Mtu akiunguza maharagwe: "Umelala kama Wandera." Mtoto akiacha ng'ombe waingie katika mtama: "Huyu ni Wandera mtupu." Watu wanaocheka hivyo wengine hawakukujua kabisa. Wanadhani Wandera ni mtu wa hadithi.

Basi sikia. Majuma matatu yaliyopita nilikuwa Mamboleo kubadilisha gari. Dorsila siku hizi ana meza pale, anauza nyanya na mapera. Amezeeka mikono, sauti ni ile ile. Nikamnunulia mapera, akapanga fungu, kisha akachukua moja zuri kuliko yote, jekundu shavuni, akaliweka juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Wewe na mimi tumelelewa nayo. Mtu akikuuzia bila nyongeza amekufukuza, na akikupa nyongeza mbovu amekutukana. Nyongeza ndiyo uso wa muuzaji.

Nikamtania kizee kama ninavyofanya. Nikamwambia, "Nyar Asembo, hili la juu limeoga kweli?"

Akacheka. "Japuonj, nyongeza haiogi."

Nikacheka na mimi. Kisha nikaacha kucheka. Nikamuuliza, "Haiogi vipi?"

"Wewe nawe! Embe likitoka kwenye bafu lako lilikuwa limepoteza ule unga wake mweupe, limefifia kama mtu aliyetoka homa. Sasa hilo ndilo nimwekee mgeni juu ya sanduku? Nyongeza tulichukua yale ya mlangoni, ambayo hayajaoga. Yalikuwa na uso."

"Siku ile ya Nairobi pia?"

"Siku ile hasa! Si wewe mwenyewe ulipita ukasema kila sanduku liwe na nyongeza, tusionekane wabahili? Tukakusikia. Tulichagua mpaka tukagombana."

Nilishika meza yake. Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii, siku ile ya ubao, siku ambayo Wandera aliondoka. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, si wa kujitetea, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutaja kwamba alikuwa amevaa nguo.

"Japuonj, nani alituuliza? Uliuliza habari za moto. Hukuuliza habari za sanduku."

Nililiacha gari langu likaondoka. Niliketi kwenye kreti lake tupu, na mfuko wa mapera miguuni, na kwa mara ya kwanza nikaiona ile barua ya Nairobi jinsi ilivyokuwa. Maembe ya juu. Moja juu ya kila sanduku, zuri, lenye uso, lililowekwa kwa heshima na akina mama waliofanya kile nilichowaambia. Chini yake, maembe yote uliyoyaogesha wewe, na ndani yake hakukuwa na kitu chochote kinachopumua.

Dorsila alipoelewa ninachofikiri, alifunika mdomo kwa khanga. Akasema, "Uwi. Kwa hiyo Wandera…" Nami sikummalizia.

Ungetarajia kwamba nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kutangaza. Sikwenda. Nimelibeba majuma matatu. Nilijiambia kwanza nifanye jaribio la beseni, kwa sababu mimi ni mtu wa vipimo. Na nikalifanya, kwa sufuria ya nyumbani, na mchanga wa maembe yaliyooga ulikaa mtupu, na ule mwingine ukaruka. Nilijiambia kisha niandike maelezo kamili. Nimeyaandika, kurasa kumi na moja. Yana michoro. Jana ndipo nilipoona kurasa hizo ni nini. Ni ule ubao tena.

Maana jana niliitwa bandani. Akina mama wamekubaliana kuliwasha tangi tena msimu huu; mnunuzi mwingine amekuja kuuliza, na wamelikwangua kutu, wameliziba. Wanatafuta mtu wa moto. Na aliyekuja kuomba kazi hiyo, Wandera, ni binti yako Nabwire. Amekuja na mzigo wake mdogo kutoka Port Victoria, ambako tangu ufe ndiye anayeendesha tanuru lako la samaki. Alipotaja jina la baba yake bandani, mmoja akasema, "Mama yangu, si tutaungua tukiwa tumelala?" Kicheko kikapita.

Wakamwambia basi awashe, waone. Akawasha kwa kuni chache. Akatia kiwiko majini. Akasema, "Bado uzi mmoja." Nikatazama kioo: ulikuwa bado uzi mmoja. Kisha akaketi mbele ya mlango wa tanuru, mikono juu ya magoti, kichwa juu ya mikono, akafumba macho.

"Ameanza!" mmoja akapiga kelele. "Damu haipotei! Amelala!"

Banda zima likacheka. Dorsila hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Mtu mmoja tu katika banda lile aliyejua kwamba binti yule alikuwa anasikiliza, na mtu huyo alikuwa amesimama na kipimajoto mkononi, mdomo umefungwa, kama siku ya mazishi. Nabwire alifumbua macho akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama anayengoja mtu amalizie sentensi.

Nikatoka nje. Nimekuja nyumbani nikaketi, na leo asubuhi nimekuandikia.

Jumamosi wanakutana kumchagua mtu wa moto. Wamesema Nabwire anaweza kurudi kwao Ijumaa asipoteze siku kwa kungoja. Nimemtuma mtu amwambie asiende popote. Nimemtuma mwingine Mamboleo kumleta Dorsila. Zile kurasa kumi na moja nimeziweka chini ya sufuria ya chai, na chai iliyochemka kwa moto wake ilikuwa nzuri.

Naahidi hivi. Jumamosi nitasimama mahali pale pale nilipoweka ubao. Sitabeba chaki. Nitasema maneno matano, nimeyahesabu: Wandera hakulala. Kosa lilikuwa langu. Kisha nitakaa chini. Wakiniuliza, Dorsila ataeleza habari ya sanduku, maana ndiye aliyekuwepo kwenye sanduku. Nikionekana nataka kuinuka niongeze, nitakuwa nimemwomba anivute koti kwa nguvu.

Halafu nitalitoa kasia ukutani nimpe binti yako. Wakimchagua au wasimchague, ni lake. Na nikitoka hapo nitakuja Port Victoria, kwa mama watoto wako na kwa kaburi lako, niseme maneno hayo hayo matano kwa ile sauti ambayo ungeisikia hata chini ya meli.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Mambo kama hayo mtu huyaomba akiwa amesimama, na kofia mkononi.

Pumzika, ndugu yangu. Maji yalikuwa na joto lake siku ile, kuanzia juu mpaka chini. Nimechelewa kukuambia jambo ulilolijua.

Mimi,
Onyango, aliyekuwa mwalimu wako wa vipimo